Mzee Alibofya Mara Moja, Akangoja

Aliingia kama saa nne asubuhi, jua la Nakuru likiwa bado halijaamua kama litawaka au la. Akavua kofia, akaketi kwenye mashine namba tatu bila kuniuliza, maana namba tatu ni yake. Mimi nilikuwa kwenye printa na dada mmoja aliyekuwa na haraka ya kupeleka karatasi zake kwenye usaili. Nikampungia mkono tu.

Baada ya muda nikageuka. Mzee alikuwa ameweka mikono yote miwili magotini. Kwenye skrini folda yake ilikuwa imegeuka rangi ya samawati, imetulia, naye anaitazama.

Nilidhani anawaza. Mzee ni katibu wa chama cha kuzikana kule Bondeni, na barua zake huziandika kichwani kwanza kabla vidole havijagusa kibodi. Nikarudi kwenye printa yangu. Nilipomwangalia tena alikuwa amesimama, kofia kichwani. Akaweka shilingi ishirini mezani.

"Leo imelala, kijana. Nitakuja siku nyingine."

"Sawa Mzee, karibu tena," nikamjibu, kwa sauti ile ya mtu mwenye foleni.

Nilipokwenda kuifunga namba tatu ndipo nikaona. Folda ilikuwa haijafunguliwa kamwe. Nikaibofya mara mbili, ikafunguka papo hapo.

Mzee alikuwa ameibofya mara moja, kama alivyofanya miaka yote, akangoja.

Kwangu dakika ni shilingi. Alilipa dakika zote ishirini za kungoja.

Hakuna aliyenisukuma

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba saiba yangu inaendeshwa kwa Debian, mfumo wa bure wa Linux badala ya Windows, na juu yake KDE Plasma, yaani eneokazi: madirisha, ukanda na menyu zinazoonekana kwenye skrini. Virusi vya flashi ndivyo vilivyonifikisha huko. Kisa chenyewe sirudii.

Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Ile ya 12 ilikuwa na Plasma 5.27, hii mpya ilikuja na 6.3. Ukizitazama hizo namba haraka unaona ni hatua ndogo, lakini kati yake kuna mlango. Plasma 6 ya kwanza ilitolewa tarehe 28 Februari 2024, na kwa kuwa Debian haina haraka na mtu, nikawa nimekaa mwaka mmoja na nusu nikitazama video za watu wengine wakiifurahia. Kama mtoto aliyeambiwa mahamri ni ya wageni.

Wiki kadhaa sasa nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikungoja zaidi. Debian 12 haikuwa imeharibika, na masasisho yake ya usalama yalikuwa bado yanakuja. Hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika.

Jibu ninalolipenda ni la biashara. Windows 10 ilikuwa iachwe kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nusu ya laptopu za eksi-Yuke, zile zilizokwisha kutumika Uingereza, zinazouzwa mjini hapa zina prosesa ambazo Windows 11 haizitaki. Watu walikuwa wameanza kuniuliza. Nikaona ni busara wanapoingia waone kitu kipya, kinachong'aa, wajue Linux si skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani.

Jibu la kweli ni kwamba nilitaka tu.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi usiku, baada ya kufunga. Mashine nne, moja baada ya nyingine. Kufikia alfajiri zote zilikuwa zimevaa nguo mpya.

Usiku wa mchemraba

Sitaki niandike kana kwamba Plasma 6 ni kitu kibaya. Ninaipenda, na nilizidi kuipenda usiku ule. Ukanda wa chini umeachana na ukingo wa skrini, unaelea kidogo juu yake, na ukilipanua dirisha hadi lijae, ukanda unashuka wenyewe kuligusa. Waliofikiria jambo hilo walifikiria vizuri: hata ukibofya ule upenyo mdogo chini ya ukanda, mbofyo bado unahesabiwa. Ukibofya kwenye njia ya kusogezea ukurasa unafika palepale ulipobofya, si kuruka skrini moja moja. Na ule mchemraba wa kuzungusha maeneo ya kazi, uliokuwa umeondolewa, umerudi. Hauna faida yoyote. Niliuzungusha hadi saa nane usiku.

Kitu kimoja kiliniharibikia. Nilikuwa na skripti ndogo iliyokuwa ikileta dirisha la "muda wako unakwisha" mbele ya kila kitu kingine kwenye skrini ya mteja. Ilitegemea mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, X11, ambao tangu 1987 umekuwa ukiziruhusu programu kuamrisha madirisha ya wenzao kama wapangaji wanaoshiriki jiko. Wayland, mrithi wake, ambayo Plasma 6 inaitumia kama njia yake ya kawaida, hairuhusu hayo, na ina sababu zake nzuri za usalama. Skripti yangu ikafa.

Niligundua ndani ya saa moja. Nikaipatia njia nyingine usiku uleule, kabla sijalala.

Angalieni hapo. Kilichogusa mfuko wangu nilikiona ndani ya saa moja. Kilichogusa mkono wa Mzee sikukiona hadi aliponilipa kwa kungoja.

Faili lisilosema kitu

Siku ile baada ya kufunga niliketi kwenye namba tatu kutafuta kilichotokea.

Kisa chenyewe ni kifupi. Katika Plasma 5, ukibofya faili au folda mara moja, inafunguka. Hiyo ilikuwa desturi ya KDE kwa miaka mingi, na wengi waliotoka Windows waliiona ya ajabu. Katika Plasma 6 waliigeuza: mbofyo mmoja unachagua, miwili inafungua. Unaweza kurudisha ya zamani kwenye mipangilio kwa kugusa mahali pamoja tu.

Nikajiuliza, mbona kuhamia toleo jipya hakukubeba mapenzi ya zamani ya Mzee? Kila kitu kingine kilihama. Picha ya nyuma ilihama, lugha ilihama, hata ukubwa wa herufi ambao nilikuwa nimemwongezea Mzee mwenyewe kwa ajili ya macho yake.

Nikafungua faili la mipangilio, lile liitwalo kdeglobals. Ukubwa wa herufi upo. Kuhusu kubofya, hakuna hata mstari.

Hapo nikakumbuka jinsi linavyofanya kazi. KDE huandika kwenye faili hilo yale tu ambayo mtu ameyabadilisha. Ukiridhika na ulichokikuta, hakiandikwi popote; mfumo unajua tu kwamba hukusema neno, kwa hiyo unafuata desturi ya nyumba. Desturi ya nyumba ikibadilika, unabadilishiwa pamoja nayo. Hata kama Mzee angeingia kwenye mipangilio siku moja, akasoma chaguo zote mbili, akasema kwa sauti "mimi nataka mbofyo mmoja," kusingeandikwa kitu, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa limeshawekwa.

Yaani mashine haiwezi kumtofautisha mtu asiyejali na mtu aliyeridhika.

Niliizima taa nikabaki nimeketi na mwanga wa skrini. Kwa ufundi, huo ni utaratibu safi kabisa. Mimi ningeuandika vilevile. Faili linabaki dogo, makosa yanapungua, na waundaji wanaweza kurekebisha jambo baya kwa kila mtu kwa mara moja. Lakini nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mtu ambaye miaka yake yote ya kuridhika ilikuwa imehesabiwa kuwa si kitu.

Wengine walipona

Ningependa hadithi iwe rahisi hivyo. Haiwi.

Jumatatu ileile ambayo Mzee aliondoka, vijana wa chuo walikuja jioni kama kawaida yao, na kwa mara ya kwanza sikusikia ule mlio wa kuudhika. Hawa wamekulia kwenye Windows ya shule, mkono wao unabofya mara mbili hata ukiwa umelala. Kwenye Plasma 5 walikuwa wakibofya folda mara mbili, ya kwanza inafungua folda, ya pili inaangukia faili lolote lililotokea hapo chini ya kishale, linafunguka nalo. Mashine inajaa madirisha ambayo hakuna aliyeyaomba. Kila siku nilikuwa nikiitwa, "Bro, hii kitu inajifungua yenyewe."

Nilikuwa nikiwajibu kwamba watazoea.

Sasa hawakuniita. Mama anayeniletea chai alikuja kutuma fomu ya mwanawe akamaliza bila msaada, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ukihesabu vichwa, yale mabadiliko yalikuwa ya haki. Mradi wa KDE uliona hivyohivyo, na mifumo kadhaa ya Linux ilikuwa imeshaigeuza yenyewe miaka mingi kabla.

Kwa hiyo malalamiko yangu ni yapi? Kwamba wengi wamesaidiwa? Kwa wiki nzima nilijaribu kujishawishi kwamba sina lalamiko. Mzee atazoea, nikajiambia. Kisha nikasikia kwamba hilo ndilo neno nililowaambia wale vijana, na wao hawakuzoea. Walivumilia tu, wakanilipa shilingi moja kwa dakika huku wakivumilia.

Na Mzee hakurudi. Jumatatu nyingine ikapita, na nyingine.

Bahasha ya posta

Kuna jambo nililisahau kwa makusudi, nadhani.

Nilianza Linux kwa CD iliyokuja kwa posta. Wenzangu wa umri wangu wanaikumbuka ile huduma ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux: unajaza anwani yako, unasahau, halafu siku moja bahasha kutoka ng'ambo inakungoja kwenye sanduku la posta, bure, bila hata stempu ya kulipia. Ndani kulikuwa na eneokazi la GNOME 2. Ukanda mmoja juu, mmoja chini, menyu tatu. Nilijua kila kona yake kama nyumba ya shangazi.

Aprili 2011 dunia hiyo iliisha kwa mwezi mmoja. GNOME 3 ilitoka, menyu zile hazipo. Ubuntu nao wakakataa GNOME 3 na kuleta chao, Unity, tarehe 28 ya mwezi uleule, na upau wa kushoto ambao hakuna niliyemjua aliyeuomba. Hata huduma ya kutuma CD ilifungwa mwezi huo.

Nilikasirika hadi nikaandika. Si kidogo. Niliandika maneno marefu ya Kiingereza kibovu kwa watu wasionijua, nikiwauliza ni nani aliyewaruhusu. Na sikuwa peke yangu: Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliisema vibaya GNOME 3 hadharani mwaka ule, akahamia eneokazi jingine, Xfce. Mtumiaji mmoja kutoka Argentina akauchukua msimbo wa GNOME 2 akaufufua kwa jina la MATE, kile kinywaji cha kwao. Linux Mint, mfumo mwingine tena, wakaanza safari iliyozaa eneokazi lao, Cinnamon. Waliochukizwa walijijengea nyumba nyingine.

Nilikuwa nikijivunia hadithi hiyo. Huwa nawaeleza wateja: huku kwetu usipopenda kitu, unakichukua unakifanya chako. Ndio uhuru wenyewe.

Lakini Torvalds akichukizwa ana pa kusemea. Mimi wa 2011 nilikuwa na Kiingereza changu kibovu na muda wa kukitumia. Mzee alichokuwa nacho ni neno moja, "imelala." Hakujua kwamba kuna mtu amebadilisha kitu. Alidhani ni mashine imechoka, au labda, na hili ndilo lililokuwa likiniamsha, alidhani ni yeye.

Matthias Ettrich, yule mwanafunzi wa Tübingen, Ujerumani, alipotangaza mradi wa KDE tarehe 14 Oktoba 1996, alisema anamlenga mtumiaji wa mwisho, yule anayetaka tu kuvinjari wavuti, kuandika barua na kucheza michezo kidogo. Nimeikumbuka tarehe hiyo kwa sababu ndiyo ileile ya Windows 10, miaka 29 baadaye. Mtumiaji wa mwisho. Kwangu yeye yupo namba tatu na amevaa kofia.

Nikaitengeneza

Wiki ya tatu nilichoka kujilaumu, nikaingia kwenye mipangilio ya namba tatu, nikarudisha mbofyo mmoja. Nikafungua faili kuhakikisha. Mstari upo sasa, umeandikwa, hakuna toleo litakaloufuta kimyakimya. Namba moja, mbili na nne nikaziacha kwa vijana.

Nilijisikia vizuri mno. Nililala.

Alhamisi yake Mzee akaingia. Nikamwacha kwenye printa mtu niliyekuwa nikimhudumia, nikajifanya napanga nyaya karibu na namba tatu, kusudi niwepo folda itakapofunguka.

Mzee akainua kidole, akabofya. Ta-ta. Mara mbili, haraka.

Folda ikafunguka, mbofyo wa pili ukaangukia faili la kwanza lililokuwa mle ndani, na mbele yetu sote wawili ikatokea orodha ya wanachama wenye madeni, majina na kiasi.

"Hee," akasema Mzee. "Nimebisha hodi kwa huyu, amefungua jirani."

Kumbe zile wiki alikuwa akienda kwa mjukuu wake kule Lanet, kwenye laptopu ya Windows. Mjukuu alimfundisha: babu, gonga mara mbili harakaharaka kama unabisha hodi. Alijifunza kwa jioni kadhaa. Akarudi kwangu akiwa tayari, na mimi nilikuwa nimemgeuzia tena.

Nikamweleza yote. Nilianzia Debian, nikaona macho yake yanaelekea dirishani, nikafupisha. Nilibadilisha, Mzee, bila kukwambia. Kisha nikarudisha, bila kukwambia.

Hakukasirika. Akavua kofia akaiweka juu ya kibodi, ishara kwamba kazi imesimama kwanza.

Mzee alikuwa mtu wa reli. Miaka yake mingi aliifanyia hapahapa Nakuru, mahali ambapo njia ya Kisumu inaachana na ile ya Eldoret, akivuta wenzo wa kuhamisha reli ili treni ishike njia yake. Hupenda kuizungumzia, na mimi, naungama, huwa nasikiliza kwa sikio moja.

"Sisi tulikuwa tunabadilisha kila siku," akasema. "Kubadilisha si kosa. Njia inafungwa, nyingine inafunguliwa, ndiyo kazi. Lakini dereva alipewa karatasi kabla hajaondoka. Anasoma, anatia sahihi. Asipotia sahihi haondoki."

Kisha akauliza swali ambalo kwa zile wiki tatu zote sikuwa nimejiuliza hivyo.

"Ile ya kwanza ilikuwa na shida gani?"

Nikataka kumwambia kuhusu usalama, kuhusu Wayland, kuhusu vijana na madirisha yao. Yote ni kweli. Yote niliyapata baada ya Jumamosi ile, si kabla.

"Haikuwa na shida, Mzee. Niliitaka mpya."

"Haya," akasema. "Hilo naelewa."

Nikamuuliza nimwekee ipi sasa. Akafikiri. "Acha hiyo ya mara mbili. Nimeshajifunza. Sitajifunza mara ya tatu."

Nikabadilisha akiwa ananitazama. Nikatoa karatasi kwenye printa, nikaandika kwa kalamu nene: MASHINE HII, BONYEZA MARA MBILI KUFUNGUA. Nikachukua utepe wa gundi niibandike juu ya skrini.

"Lete kwanza."

Akaisoma. Akalikata neno BONYEZA, juu yake akaandika GONGA, kwa ule mwandiko wa zamani uliolala kuliani. Akatia sahihi yake chini, na tarehe, na saa.

Halafu akanisogezea kalamu.